Mfuko Uliofungwa Kwenye Mguu wa Kabati

Jumamosi moja hivi karibuni tulimuaga Sista Eva, amestaafu. Ukumbi ulikuwa Sinza, nyuma ya baa, kwa hiyo kila hotuba ilisindikizwa na singeli kutoka upande wa pili wa ukuta, na MC akawa anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Mie niliacha kazi ya hospitali siku nyingi. Nina dobi yangu Chanika, nafua mashuka ya gesti na nguo za watu waliochoka kufua, lakini Sista alinitumia kadi ya mwaliko na sare ya kitenge, nikaenda. Alipopewa kipaza sauti alisema wapo watu waliomfundisha kazi bila wenyewe kujua. Akaninyooshea kidole. "Yule pale, Maganga, alinifundisha kuangalia mfuko kabla ya kugusa kitanda." Watu wakapiga makofi wakidhani nasifiwa. Nikapunga mkono kama mheshimiwa. Binti mmoja muuguzi aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, mfuko gani? Nikamwambia, wa mkojo. Akasogeza pilau lake mbali kidogo. "Nisimulie basi, braza." Nikamwambia ni ndefu, ale kwanza. Sikumsimulia. Nimerudi nyumbani nikaona bora niiandike, maana ule mwaka mmoja ndio ulionifanya mie niwe hivi nilivyo, na sijawahi kuusimulia wote kwa mtu bila kuruka mahali.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mhudumu katika wodi ya mahututi ya hospitali moja upande wa Temeke, jina naliacha. Mhudumu siyo nesi. Mhudumu anapiga deki, anabeba mashuka, anamsaidia nesi kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anapeleka damu maabara na anarudi na majibu. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yake ni yale ambayo mtu akiulizwa anajibu "niliishia form four" halafu anabadilisha mazungumzo. Lakini nilikuwa na ndoto nyingi, tena bila aibu. Nilikuwa najiona nesi kabisa: gauni jeupe hapana, mie mwanaume, lakini ile shati nyeupe yenye saa ndogo iliyobanwa kifuani kichwa chini. Sista Eva, mkuu wa wodi, alikuwa ameniahidi kwamba nikirudia mtihani wa baiolojia ataniandikia barua ya kunipeleka chuo. Basi nilikuwa nasoma kwenye stoo ya mashuka, nimekalia mafurushi, daftari mapajani, kunanuka sabuni na dawa ya kusafishia. Wodi yenyewe ilikuwa na vitanda sita na mashine zinazolia kila moja kwa sauti yake. Ukizoea unazisikia kama kuku wa jirani, unajua yupi amelia kwa njaa na yupi ameona nyoka.

Masika ya mwaka ule wakamleta Mzee Pazi kutoka Mbagala. Kichomi kilimshika mapafu yote mawili, akawekewa mashine ya kupumulia na dawa za kumlaza asihangaike. Alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa hapahapa Pwani, muuza nazi, na kwa zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa muadhini wa msikiti mdogo ulio nyuma ya nyumba yake. Hayo nilielezwa na mkewe, Bi Mwajuma, mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa akija saa ya kutazama wagonjwa, anasimama miguuni pa kitanda, anamsimulia mumewe habari za nyumbani kana kwamba anajibiwa. "Hamisi ndiye anaadhini sasa. Mbovu! Amka bwana wewe, unatuacha na mbovu." Mzee alikuwa amewekewa mpira wa mkojo kama wagonjwa wote wa pale. Mpira ule huingizwa kwenye njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, na kwenye ncha yake kuna puto dogo linalojazwa maji likiwa huko ndani ili usichomoke. Upande wa pili unaingia kwenye mfuko, na mfuko unakaa chini ya kitanda. Ni kitu cha kawaida kabisa. Nilikuwa naviona sita kila siku, nikawa sivioni tena.

Kitanda cha nne, chake, kilikuwa kimevunjika ndoano ya kuning'inizia mfuko. Kila zamu ilijua na kila zamu ilisema itaripoti. Zamu iliyotutangulia walikuwa wameufunga mfuko kwa bandeji kwenye mguu wa kabati la kando ya kitanda. Saa nne asubuhi nikaja na ndoo yangu, nataka kupiga deki nyuma ya kitanda. Nilikuwa naimba kimoyomoyo, nimeshajivika ile shati nyeupe, nimeshafika chuo, nimeshamaliza, nimerudi Tabora kwa treni na watu wananipokea stesheni. Nikafungua breki za magurudumu, nikashika reli, nikavuta kwa nguvu za kijana aliyekunywa chai ya maziwa. Kitanda kikaja. Kabati halikuja. Mpira ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kisha ukaruka, puto likiwa bado limejaa, kubwa sawa na ndimu. Mzee alikunja uso katikati ya usingizi wake wa dawa. Damu ikafuata, siyo nyingi, lakini mbichi. Na sasa niseme ninachokiona hadi leo kuliko ile damu: vidole vyangu vikifungua fundo la bandeji. Nilifungua fundo, nikauokota mfuko, nikauweka kitandani karibu na mkono wake wa kulia. Halafu ndipo nikaita.

Sista Eva alikuja mbio. "Mungu wangu, kajing'oa!" Akaniangalia. "Ulimwona?"

"Nilikuwa napiga deki, Sista."

"Hawa wakianza kuzinduka ndiyo zao. Shika hapa."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema nilikuwa napiga deki, na ilikuwa kweli. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amejivuta mpira mwenyewe. Daktari wa zamu akajaribu kuingiza mwingine, ukakwama. Akaita daktari wa mkojo, naye akasema njia imechanika, isiguswe, akamtoboa mzee chini ya kitovu na kumwekea mpira wa tumboni. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa kujivuta, mikono yake ilifungwa kwenye reli kwa bandeji, siku mbili. Aliyetumwa kuleta bandeji ni mie.

Alipona kichomi. Siku aliyotolewa mashine na kuanza kuongea, sauti ilikuwa kama mlango mbovu, lakini maneno yalikuwa tayari yamejipanga. Nilikuwa namfuta miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Jina nani?"

"Maganga."

"Maganga wa wapi?"

"Tabora."

Akafumba macho, akatabasamu na midomo iliyopasuka. "Mnyamwezi! Nani kakupa kibali cha kuingia Pwani? Mizigo ya meno ya tembo umeiacha wapi?" Ukiwa hujui, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, tunatukanana na hakuna wa kukasirika, na mtani anaweza kukufanyia hata yale ambayo mwanao haruhusiwi. Nikamjibu kwamba mizigo tumeitua, tumekuja kuwafundisha Wazaramo kufanya kazi. Alicheka hadi mashine ikalia. "Sasa sikiliza. Shikamoo yako kaa nayo. Mtani hanipi shikamoo, ananipa tusi. Ukiniamkia tena nitajua nakufa."

Basi tukawa hivyo. Akarudi kwake Mbagala na mpira wa tumboni, na Bi Mwajuma akaniomba niwe naenda Jumapili kuosha kidonda na kubadilisha mfuko. Wanawe walikuwepo, wakubwa, wenye ndevu, ila mtoto hamtazami babaye huko. Hata mkewe, Mzee alikuwa hamruhusu. "Mwite yule mpagazi," ndivyo alivyosema, "yeye hana haya, mie naye sina." Chumba chake kilikuwa cha uani, kimepakwa chokaa ya kijani hadi nusu ya ukuta, kitanda cha besera, cha nguzo nne, ambacho chandarua chake kilikuwa kimefungwa fundo kama kilemba, na dirisha lililotazama ukuta wa msikiti. Nikimaliza kuosha, naletewa chakula: mihogo ya nazi na changu wa kukaanga, au wali na mchuzi wa pweza. Nazi ya nyumba ile ilikuwa nzito, si unajua, muuza nazi hanunui. Nikila nilikuwa nasikia wanawake uani wakichambua mchele na wakichambua watu.

"Na kweli alijing'oa mwenyewe?"

"Mwenyewe! Nesi kaandika."

"Mwanaume mzima! Si bora angeng'oa kingine?"

"Kama kipi?"

"Kama simu mkononi mwa mwanao." Wanacheka, mmoja anasema astaghfirullah, wanacheka tena. Mzee alikuwa anawasikia vilevile kama mie. Alikuwa anageuka ukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kukielewa kitu nilichokifanya, na haikuwa damu. Mzee aliamini ni yeye. Alikuwa hakumbuki chochote cha siku zile, kwa hiyo alichukua alichoambiwa. Aliniuliza mara nyingi, bila utani, akikiangalia kiganja chake cha kulia: "Hivi mtu anawezaje kujifanyia hivi? Shetani gani huyo?" Msikitini aliacha kwenda. Shehe alikuja akamweleza kwamba ana udhuru, atawadhe kila wakati wa sala na aswali hivyohivyo, mfuko na yote. Alimjibu kwamba hayo anayajua, aliwahi kuyafundisha. Lakini hakwenda. Mpira ulikuwa unavujisha pembeni, kanzu inalowa, na yeye alizoea kusimama mbele ya watu. Hamisi akiadhini kwenye kipaza sauti, Mzee alikuwa anamsahihisha akiwa kitandani: "Vuta... vuta hapo... ah, kaimeza."

Ilipofika miezi ya kipupwe tukampeleka kwa Daktari Sakina, bingwa wa njia ya mkojo. Mama wa Kihindi, mzaliwa wa mjini, Kiswahili chake cha Pwani kuliko changu mara kumi, ushungi mweusi, raba nyeupe. Walimpiga picha ya dawa, ile ya kuingiza maji yanayoonekana kwenye eksirei, naye akaibandika kwenye taa akatuonyesha. Njia ilikuwa inakuja vizuri, halafu inakuwa uzi, halafu haipo, kisha inaanza tena.

"Mzee Pazi, mpira ulivyotoka na puto lake ulichana hapa. Pakapona kwa kovu, na kovu limekaza. Nikipanua tu, litakaza tena. Nataka nifungue, nitie kiraka."

"Kiraka cha nini, binti yangu? Cha raba?"

"Cha nyama yako mwenyewe. Ngozi laini ya ndani ya shavu. Imezoea majimaji, haioti nywele, inashika haraka. Shavu litajifunga lenyewe."

Nilimwona Mzee anaupeleka mkono mdomoni. Mie kwa utani wangu nikaropoka, "Wazaramo hamkai kimya, sasa na huko nako kutasema!" Daktari alicheka. Mzee hakucheka. Tulipofika nyumbani akasema hafanyi. Mdomo huu umemwita Mungu miaka yote, hawezi kuukata akaupeleka kwenye njia ya mkojo. Shehe aliitwa tena, akasema ni matibabu, hakuna ubaya. Mzee akasema, sawa, lakini kuna jingine. "Ningekuwa nimeumizwa, ningetibiwa. Nimejiumiza. Mtu aliyejiharibia kwa mkono wake, akakate na mdomo wake? Nitabaki na mfuko wangu." Daktari alikuwa amempa tarehe, wiki tatu mbele, na alisema wazi kwamba akiiachia, foleni yake ni ndefu na kovu halimngojei mtu, na mpira wa tumboni utamletea maambukizi kila baada ya muda. Kwa kweli ulikuwa umeshaanza, alikuwa anapata homa na baridi kila mwezi.

Jumapili iliyofuata Bi Mwajuma alinivutia jikoni. Alikuwa anakuna nazi, miwani imepanda kwenye paji. "Mtani, wanawe wameongea, shehe kaongea. Mie nimelia. Umebaki wewe. Mtukane. Mtukane mpaka akubali." Nikasema nitajaribu. Nilikuwa najua dawa yake ni nini, na haikuwa tusi.

Nikamkuta anakunywa chai ya mchaichai. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema yote kwa mkupuo, "Mzee Pazi, hukujing'oa. Ni mie nilikung'oa. Nilivuta kitanda, mfuko umefungwa."

Alinitazama kidogo. Kisha akapasuka kicheko, chai ikamwagikia kwenye shuka. "Mwajuma! Mwajuma, njoo umsikie mpagazi! Anajisifu kwamba yeye ndiye aliyenitoa bomba!" Bi Mwajuma akaja na mbuzi ya nazi mkononi, akasikia, akacheka, akanigongesha kiganja. "Hapo mtani umempata!" Wale wanawake wa uani wakaambiwa, nao wakacheka. Na mie, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Niliona mlango umefunguliwa wa kutokea, nikatokea. Nilipofika kituoni ndipo nilipojua kwamba sasa nimeshamwambia na bado hajaambiwa. Utani ulikuwa umenimezea ungamo langu lote, na ungenimezea hata ningelirudia mara mia, kwa sababu mtani ni mtu wa kusema uongo mkubwa kwa uso mkavu. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wiki ile sikusoma baiolojia. Nilikuwa nakaa stoo nimeshika daftari tu. Nilijiuliza sana na sitadanganya kwamba nilimfikiria yeye peke yake. Nilifikiria barua ya Sista Eva, ile shati, stesheni ya Tabora. Jumapili nikaenda mapema, kabla hawajaweka chai. Nikavua ndala mlangoni, jambo ambalo sikuwa nalifanya kwake. Nikaingia, nikasimama, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Alikuwa anajifunga saruni. Mikono ikasimama hapohapo kiunoni. Hakuitikia. Akakaa kitandani taratibu, akasema, "Funga mlango."

Nikamweleza. Safari hii aliniuliza maswali kama polisi. "Ulifungwa wapi?" Mguu wa kabati. "Kwa kamba?" Kwa bandeji. "Mkono wangu ulikuwa wapi?" Umelala, mzee, hukuutikisa. "Ulikuwa unafanya nini?" Nilikuwa naota. "Unaota umesimama?" Ndiyo. "Nani aliuweka mfuko kitandani?" Mie, mzee. "Na zile siku mbili nilizofungwa mikono?" Nikamwambia hata bandeji nilileta mie. Alikitazama kile kiganja chake cha kulia, akakifunga, akakifungua. Nilingoja anipige. Ningefurahi.

"Kwenye faili langu pameandikwaje?"

"Umejivuta mwenyewe."

"Nenda pakaandikwe sawasawa. Pakishaandikwa, mlete huyo nesi wako aje anisomee hapa. Halafu ndiyo nitajua kama nakatwa au sikatwi." Nilipofika mlangoni akasema tena, "Na usinisemeshe kiutani tena."

Jumatatu asubuhi nilimngoja Sista Eva kwenye stoo ya mashuka. Alisikiliza akiwa amesimama, huku anahesabu foronya. Nilipomaliza alianza kuzihesabu upya. "Nilikuuliza ulimwona," alisema. "Uliniuliza, Sista." "Ukanijibu unapiga deki." "Nilikuwa napiga." Akanitupia foronya usoni, zote. Kisha akakaa juu ya furushi langu la kusomea, akasema, "Ndoano ile hata mie niliiona. Siku tano niliiona." Nikaanza kuziokota foronya. Alikwenda kwa mganga mkuu akaeleza yangu na yake, naye akapewa onyo kwa maandishi. Mie nilihamishiwa dobi, mashine za kufulia, chini kabisa nyuma ya jengo, na barua ya chuo sikuiuliza tena wala yeye hakuitaja. Jumapili Sista alifuatana nami hadi Mbagala na nakala ya faili, kavaa nguo za kanisani. Alisoma mbele ya Mzee, mkewe na wanawe wawili: kwamba mpira ulivutika wakati mhudumu anasogeza kitanda, mgonjwa akiwa hana fahamu, na maelezo ya mwanzo yamefutwa. Mtoto mkubwa alisimama akanifuata. Mzee akamwambia kaa. Bi Mwajuma alikuwa ananitazama, miwani imemteleza, kama mtu anayemtafuta mtu mwingine ndani ya sura anayoijua. Akasema tu, "Na mie nilicheka." Akaenda jikoni.

Tarehe ya Daktari Sakina ilipofika, Mzee alikwenda. Hakuniletea habari, nilimwona kwenye orodha ya mashuka ya thieta. Walikaa naye huko chumba cha upasuaji karibu saa nne nzima. Mashuka yake nilifua mie na niliyaangalia moja moja, damu haikuwa ya kutisha, nikajipa moyo. Alilazwa shavu la kushoto limevimba kama ana kiazi mdomoni, mpira mmoja chini kupisha kiraka kishike, na ule wa tumboni bado upo. Chakula chake kilikuwa uji wa mchele uliopoa na maziwa. Kuongea aliambiwa asiongee sana, naye akaamua asiongee kabisa. Saa ya mapumziko nilikuwa napanda, nasimama mlangoni, namwamkia, ananyanyua vidole viwili, nashuka. Siku ya nane hivi nilimkuta anapeleka taya huku na huku, taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya. Akavuta pumzi, na kwa sauti ya chini kuliko mashine ya jirani, akatoa takbira ya kwanza ya adhana. Akasikiliza. Ilikuwa imepinda kidogo kwenye kona. Akarudia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mzee, sasa ni saa tano." Mzee akamwonyesha kwa mkono kwamba anajua.

Baada ya wiki tatu walipiga tena ile picha ya dawa. Njia ilikuwa imeunganika. Wakatoa mpira wa chini, wakaubana wa tumboni, wakampa jagi la maji anywe, na wote tukakaa kungoja: Bi Mwajuma kwenye benchi, Daktari Sakina na faili, mie na mashuka safi niliyoyaleta makusudi polepole. Hakuna kitu kirefu kama kumngoja mtu mzima akojoe. Alikunywa jagi zima. Alitembea ukumbini. Akaingia nyuma ya pazia na ndoo. Kimya. Daktari akatazama saa, akageuza ukurasa usio na maandishi. Bi Mwajuma alikuwa anavuta uradi, punje zinapita vidoleni mbio kuliko midomo. Nikasikia matone, mawili, matatu, yakakata. "Usisukume, mzee, iachie," alisema Daktari. "Nimeiachia," alijibu nyuma ya pazia, "ni yenyewe inaona haya." Kisha ikaja. Ikaja moja kwa moja, inapiga kwenye plastiki, inapanda sauti kadiri ndoo inavyojaa, na haikukata. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipiga makofi. Bi Mwajuma alijifunika uso kwa khanga. Daktari alikwenda akapima, akaandika, akasema kwa uso uleule wa kazi kwamba kiraka kinaweza kukaza baadaye, arudi kila miezi mitatu, asije akajidai mzima akapotea. Mie nilikuwa nimekumbatia mashuka na yalikuwa yameshalowa machozi, ikabidi niyarudishe kufua.

Mchana wakamwandikia ruhusa. Dada wa mapokezi alikuwa na fomu ya mtu atakayempeleka nyumbani, na wanawe walikuwa hawajafika. Akaniuliza, "Wewe unamchukua? Ni nani yako?" Nilitaka kusema mtani wangu, nikakumbuka alivyonikataza. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, begi mapajani. Hakunitazama. "Mwanangu," alisema. Dada akaandika. Mzee akaongeza, kumwambia dada lakini akiniambia mie, "Mkosaji, ila wangu."

Watu wakisikia hapo wanasema basi, yamekwisha vizuri. Yalikwisha vizuri. Alirudi msikitini, Hamisi akarudi kwenye safu, na kila baada ya miezi mitatu nilimpeleka kwa Daktari Sakina. Ila utani haukurudi. Nilidhani utarudi wenyewe. Alinigombeza kama anavyowagombeza wanawe, kwa nini sioi, kwa nini nimekonda, kwa nini nimekuja mikono mitupu kama siyo wa nyumba hii, na niliyafurahia. Lakini mtoto hamtukani babaye. Jumapili nyingine walikuwa wanakuja Wanyamwezi wengine, waliopanga mtaani pale, wanamkalia kibarazani na kumchambua Uzaramo wake, anacheka hadi anashika ubavu. Mie nakaa pembeni kama mtoto wa nyumba. Kuna siku mmoja wao alishindwa, akaishiwa matusi, na tusi likanijia mie, zuri ajabu, limeiva kabisa, lingemchekesha mwezi mzima. Nililimeza. Nikainuka nikaenda kumsaidia Bi Mwajuma kukuna nazi.